Daftari la Nyamizi

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu hapa Ipuli, Tabora, wanakuwa wameshajua bei mpya ya petroli kabla chai haijapoa. EWURA inatangaza, redio zinasoma, na ikifika saa nne asubuhi nauli ya kutoka hapa hadi sokoni imeshabishaniwa na kukubaliwa. Mabasi nayo vivyo hivyo. Desemba 2023 LATRA ilipopandisha nauli za mikoani, daraja la kawaida lilitoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kilometa kwa kila abiria. Angalia hizo tarakimu za mwisho: senti arobaini na saba. Nchi yetu inaweza kuifuatilia bei ya kumsafirisha mtu hadi kwenye senti, ikaiandika na kuitangaza, na abiria akizidishiwa akajua pa kupeleka malalamiko.

Kapsuli moja ya haidroksiyurea ya miligramu 500, dawa ya ugonjwa wa selimundu, haina Jumatano yake. Kila famasi binafsi inajipangia, na bei yenyewe mara nyingi haijabandikwa popote, iko kichwani mwa aliyesimama nyuma ya kaunta siku hiyo. Ndiyo maana tangu Agosti 2017 gharama za matibabu ya mwanangu ninaziandika mwenyewe, kwenye kaunta buku la kwaya mbili ambalo sasa linaelekea kujaa.

Kazi yangu ni ukarani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Msimu wa masoko marobota yanapanda kwenye mzani, mteuzi anatamka daraja, mimi naandika uzito, daraja na bei. Kitu cha kwanza nilichojifunza kwenye meza ile ni kwamba bei ya kilo siyo fedha ya mkulima. Kati ya bei inayotamkwa na fedha inayofika nyumbani kuna mbolea aliyokopeshwa, kuna ushuru, kuna riba ya benki. Mkulima mgeni akisikia bei hushangilia. Mkulima mzoefu hukaa kimya, halafu anauliza, "Baada ya makato inabaki ngapi?" Swali hilo ndilo nililolibeba kwenda nalo hospitali, ila limegeuka: bei ya dawa ni hii, lakini mfukoni mwangu inatoka ngapi?

Nyamizi alizaliwa 2012. Siyo jina lake la shuleni, ni la bibi yake, na kwenye makala hii nitamwita hivyo. Alipokaribia miaka miwili vidole vya mikono na miguu vilivimba, akawa analia ukimgusa. Tulimkanda maji ya moto, tukampa dawa ya maumivu, majirani wakaja na maneno yao. Sitawalaumu, aliyeona mtoto wa jirani akivimba vidole bila kuumwa na mdudu wala kuanguka atatafuta maelezo pale alipozoea kuyapata. Kipimo kilipokuja kusema selimundu, SS, mimi na mama yake tuliambiwa sote wawili ni AS, tumebeba nusu nusu bila kujua, na kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto mwenye ugonjwa. Takwimu inayotajwa sana ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wa namna hii kila mwaka. Chembe nyekundu zao, badala ya kuwa mviringo laini, zikikosa oksijeni hujipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na pale zinapokwama ndipo panapouma.

Mkoa wetu una uhusiano wa karibu na ugonjwa huu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki, kwamba mwenye AS anakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Kwa hiyo pale malaria ilipokaa kwa karne nyingi, urithi huu nao ulibaki. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 uliikuta Tabora ikiongoza kwa malaria ya watoto chini ya miaka mitano, asilimia 23, wakati wastani wa nchi ulikuwa 8. Na malaria hiyo hiyo inayomwepuka mwenye AS humpiga mwenye SS kuliko wote: damu inashuka kwa siku mbili, macho yanakuwa ya njano, mtoto anapumua kama amekimbia.

Hadi anatimiza miaka mitano, matibabu yake kisera yalikuwa bure. Agosti 2017 alipovuka umri huo, siku ya kwanza niliyotakiwa kulipa, nilinunua kaunta buku njiani nikirudi nyumbani. Safu zilikuwa tano: tarehe, kitu, mahali, bei, idadi. Mistari ya mwanzo ni folik asidi, penisilini V, kanula mbili, glavu, bodaboda kwenda, bodaboda kurudi. Mwandiko wangu wa siku hiyo ni mbaya kuliko wa siku nyingine zote.

Damu ndiyo iliyonisumbua kuiandika. Tabora ndiko kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kilipo, na damu haiuzwi. Safu ya bei niliandika sifuri. Lakini ndugu wanaombwa waje wachangie ili chupa iliyotumika irudi kwenye akiba, na mwanamume akichangia leo atasubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Mara ya kwanza nilichangia mwenyewe. Mara ya pili, wiki sita baadaye, nikawa sistahili, nikampigia shemeji yangu aliyeko Sikonge. Nauli yake, chakula chake na siku yake ya palizi iliyopotea nimeviandika chini ya ile sifuri, kwa kalamu nyekundu. Tangu hapo nimegundua kwamba sifuri ni namba ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote. Shule za sekondari zikifungwa, akiba ya damu inapungua kwa sababu wanafunzi ni wachangiaji wakubwa, na ikitokea wakati huo huo mvua zimeleta malaria, sifuri ile inakuwa ghali sana.

Mwaka 2020 ndio mwaka wangu wa kwanza kujumlisha kila kitu, Januari hadi Desemba. Nyamizi alikuwa na miaka minane. Dawa za kila siku, folik na penisilini, zilichukua 72,000. Kulazwa mara nne, pamoja na vipimo na vitu tulivyoambiwa tukanunue nje kwa sababu kwenye dirisha la dawa la hospitali havikuwepo, 340,000. Kiliniki Mwanza mara mbili, nauli na chakula, 180,000. Mama Nyamizi anakaanga maandazi asubuhi, faida yake kwa siku ni kama 5,000. Alikaa wodini siku 31, basi 155,000. Jumla 747,000. Shule zilikuwa zimefungwa kwa korona kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni, na bado, kwenye siku zilizobaki, Nyamizi alikosa darasa siku 38.

Haidroksiyurea tulikuwa tunaisikia tu. Ni dawa ya zamani kuliko babu zetu: wakemia wa Ujerumani waliitengeneza mara ya kwanza 1869, baadaye ikatumika kwa saratani za damu, na mwaka 1998 Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu. Inaurudisha mwili kutengeneza ile hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo haijipindi. Kwa miaka mingi hofu ilikuwa: je, huku kwetu kwenye malaria na lishe duni haitawadhuru watoto? Jibu lilichapishwa mwanzoni mwa 2019 na watafiti waliowapa dawa hiyo watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu. Kuongezewa damu kulipungua kwa theluthi mbili. Malaria nayo, ambayo ndiyo ilikuwa hofu yenyewe, ilipungua kwa nusu, na vifo vikapungua kwa theluthi mbili. Nilipoelezwa matokeo hayo kiliniki niliomba yarudiwe polepole ili niyaandike nyuma ya kaunta buku, na yapo hadi leo.

Tabora nilipoitafuta 2021, kijana wa famasi ya kwanza alisoma cheti akanitazama kwa huruma. "Mzee, pole. Hii ni ya kansa." Famasi ya pili haikuwa nayo. Ya tatu ilisema itakuja wiki ijayo, na wiki hiyo haikuja. Tulianza rasmi Januari 2022, kapsuli moja kwa siku, shilingi 1,200.

Sasa fuatana nami kwenye ukurasa wa 2022, kwa sababu ndipo nilipokaribia kuacha. Kapsuli 365 kwa 1,200 ni 438,000. Dawa nyingine za kila siku, 72,000. Kipimo cha FBP mara sita, maana dawa hii lazima damu ichunguzwe isije ikashusha chembe nyeupe kupita kiasi, 90,000. Kulazwa mara moja, 90,000. Mwanza mara mbili, 190,000. Siku sita za maandazi, 30,000. Jumla 910,000.

Nilijumlisha mara tatu. Dawa niliyoambiwa ni ya bei nafuu, isiyomilikiwa na kampuni yoyote, ilikuwa imepandisha gharama ya mwaka kwa 163,000. Nilikaa na taa ya sola sebuleni nikimfikiria baba aliye na kipato kidogo kuliko changu akiiona jumla hii. Mama Nyamizi alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma, akauliza, "Mwaka ule tulinunua nini, na mwaka huu tumenunua nini?"

Nikanyamaza.

"Mwaka ule tulinunua usiku thelathini na moja wa wodini," akasema. "Mwaka huu mtoto amekosa shule siku ngapi?"

Kumi na moja. Niliandika mwenyewe na sikuwa nimeitazama.

Hapo ndipo hesabu yangu yote ilipobadilika, na ndiyo sababu ya makala hii. Nilikuwa nafuatilia bei za vitu: kanula, kapsuli, kipimo, kiti cha basi. Kumbe mgonjwa hanunui vitu. Ananunua matibabu ya ugonjwa, na vitu vinaingia na kutoka ndani ya matibabu hayo. Ukifuata bei ya kila kitu peke yake, utaona kanula haikupanda na chupa ya dripu haikupanda, utaandika "bei hazijabadilika," wakati ugonjwa ule ule sasa unatibiwa kwa njia nyingine kabisa na kanula hazihitajiki. Utakosea upande wa pili pia: utaona dawa mpya ghali imeingia, utaandika "matibabu yamepanda," bila kuona kitanda ambacho hakikulaliwa.

Baadaye nilijua kwamba wachumi nao walipigana na jambo hili. Marekani, ofisi ya serikali inayopima uchumi ilianza mwaka 2015 kuchapisha hesabu za matumizi ya afya kwa kufuata ugonjwa unaotibiwa, badala ya kufuata pale fedha zilipolipwa, yaani hospitali, daktari au duka la dawa. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, ina sura nzima ya magonjwa ya damu, na ndani yake selimundu ina alama yake, D57. Nimeiandika alama hiyo kwenye jalada la daftari. Kwetu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu inakusanya bei kila mwezi na kutoa mfumuko wa bei, kazi ninayoiheshimu kama karani mwenzao. Lakini kapu lile ni la kaya ya wastani: chakula kimechukua zaidi ya robo, afya ni kipande chembamba. Kaya yenye D57 siyo ya wastani. Mahindi yakishuka bei mfumuko unatulia kwenye taarifa ya habari, na sisi mwezi huo huo tunakopa.

Kuna jambo jingine ambalo bei ya kapsuli haiwezi kukuambia hata ukiiandika kila siku. Dozi ya haidroksiyurea hupimwa kwa uzito. Mwaka 2022 Nyamizi alikuwa na kilo 25, kapsuli moja ikatosha. Mwaka 2024 akawa na kilo 33, na daktari akasema leo moja, kesho mbili. Mwaka ule ulikuwa na siku 366, kwa hiyo siku 183 za kapsuli moja na 183 za mbili: kapsuli 549. Bei ilikuwa imeshuka kutoka 1,200 hadi 700, punguzo la zaidi ya asilimia 40, na nilikuwa nimeshafurahi. Nilipozidisha nikapata 384,300. Kutoka 438,000, hilo ni punguzo la asilimia 12 tu. Bei imeshuka, mtoto amekua. Namshukuru Mungu kwa kilo zile nane, ni kilo ambazo 2020 sikudhani nitaziona, lakini nataka anayepanga bajeti ya dawa za watoto hawa ajue kwamba kila mwaka wanakua, na anayenunua idadi ile ile ya mwaka jana amepunguza dawa.

Ile 700 nayo haikushuka yenyewe. Wazazi wa hapa mjini, Urambo, Nzega na Kaliua tulikutana kiliniki, tukafungua kundi la WhatsApp, na sheria yetu ilikuwa moja: ukinunua, andika bei, tarehe, mji. Wiki moja tukaona kapsuli ile ile, kutoka kiwanda kile kile, inauzwa 700 mahali pamoja na 1,500 kwenye duka lililo hatua mia nne kutoka pale. Nilikwenda kwa yule wa 1,500, sikwenda kugombana. Akanionyesha boksi. "Mzee, hii inatoka moja kwa mwezi. Nikinunua boksi zima, nusu inaisha muda wake hapa rafuni. Hiyo nusu inayokufa lazima ilipwe na inayouzwa." Hakuwa amekosea. Bei yake ilikuwa ya upweke wa wagonjwa: kila mmoja akinunua kivyake, siku yake, duka lake, kila duka linamwona mmoja na linamtoza hasara ya wote wasiokuja. Kaya tisa tukakubaliana duka moja na wiki moja ya mwezi, kila mtu na cheti chake, na wa 700 akaahidi kuishikilia bei hiyo mwaka mzima. Aliishikilia.

Dola sina namna ya kukubaliana nayo. Mwaka 2022 ilikuwa kama shilingi 2,300, mwisho wa 2023 imefika 2,500, na dawa hizi zinaagizwa. Tumbaku yetu hupangiwa bei kwa dola, kwa hiyo dola ikipanda kule chamani wakulima wananipigia simu kwa furaha, na mimi nafurahi nao kwa dhati kwa sababu najua deni la mbolea lilivyowakaa. Jioni yake nafungua kaunta buku.

Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, tuliyoilipia 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, imetusaidia kumwona daktari na kulazwa, na nasema hivyo bila kusita. Lakini kadi hailipii kisichokuwepo. Dirisha likisema hakuna, kadi inarudi mfukoni na fedha inatoka. Kwa hiyo nimeongeza safu ya "dirisha": ipo, haipo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bei muhimu kuliko zote kwenye daftari, ingawa haina shilingi ndani yake. Siku inapokuwepo, kapsuli yangu ina bei moja. Siku isipokuwepo, ina nyingine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kutumia kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei zake, hospitali binafsi zikakipinga kwa kuwa zilisema bei ni ndogo. Mabishano yale yalikuwa juu ya kila kipengele kitalipwa shilingi ngapi. Nilitamani mtu mmoja mezani aulize siku ngapi za mwaka kipengele hicho kinapatikana Tabora.

Yupo mkulima wa chama chetu mwenye saratani ya damu, ile inayokwenda polepole inayoitwa CML. Dawa yake, imatinibu, anaipata bila malipo kupitia mpango wa msaada, na gharama yake yote ni treni ya Dar es Salaam na siku za shamba. Kwa ajili yake niliisoma historia ya dawa hiyo, na imenipa nguvu ya kuendelea kuandika. Ilipoingia sokoni Marekani 2001 kwa jina la Gleevec, ilikuwa kama dola 26,000 kwa mwaka. Kufikia 2012 ilikuwa imepita 90,000, dawa ile ile, wakati wagonjwa wanaoitumia walikuwa wanaongezeka kwa sababu hawafi. Mwaka 2013 madaktari bingwa zaidi ya mia moja wa ugonjwa huo, kutoka nchi nyingi, waliweka majina yao kwenye makala moja iliyosema bei hizi hazibebeki. Mwaka huo huo, Aprili, Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa kampuni ya Novartis hataza mpya ya dawa hiyo, yaani haki ya kuitengeneza peke yake. Pale India dawa ya kampuni ilikuwa kama dola 2,600 kwa mwezi, na iliyotengenezwa na viwanda vya nchini kama 175. Madaktari wale wasingeweza kusaini kitu kama mtu hakuwa ameandika bei za miaka yote kumi na moja, moja baada ya nyingine.

Na sasa yupo mtu anayeponya ugonjwa wa mwanangu. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba Marekani, ziliidhinisha tiba inayoitwa Casgevy: wanachukua chembe mama za damu za mgonjwa, wanazihariri urithi wake, wanamrudishia. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2. Nyingine iliyoidhinishwa siku hiyo hiyo ni milioni 3.1. Kwa shilingi, ile ya kwanza ni zaidi ya bilioni 5. Sikuiandika kwa hasira. Niliiandika kwa kalamu ya kawaida, tarehe, kitu, mahali, bei, kwenye ukurasa wake peke yake, na kuacha mistari iliyobaki wazi, kwa sababu najua imatinibu ilianzia wapi na ikaishia wapi. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza 2023 kupandikiza uloto wa mifupa kwa watoto wenye selimundu. Dodoma iko kwenye reli yetu. Miaka kumi kabla ya hapo, mstari huo nao ungekuwa mtupu.

Nimebakiza jambo moja ambalo ni gumu kuliandika.

Oktoba 2023 Nyamizi alikuwa darasa la tano, na alilikuta daftari. Nililiacha mezani. Alisoma ukurasa wa 2020 na wa 2022, akaona jumla, akajua jumla ile ni yeye. Hakusema. Wiki mbili baadaye kifua kilimbana, akavumilia siku tatu, akaenda shule, akarudi, akasema amechoka tu. Siku ya nne alishindwa kupanda ngazi mbili za barazani. Tulimlaza usiku tisa kwa oksijeni, na mama yake ndiye aliyeng'amua, kwa kumwuliza taratibu usiku, kwamba mtoto alikuwa anaokoa nauli.

Aliporudi nyumbani nilimwita mezani nikalifungua daftari mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo mengi, kwamba sijawahi kumhesabu yeye, kwamba ninahesabu wanaotuuzia. Nikaanza, sauti ikanikwama. Yeye akavuta ukurasa wa 2020, akafuata safu ya tarehe za kulazwa kwa kidole hadi mwisho.

"Baba, hizi siku thelathini na moja mimi nililala kitandani," akasema. "Mama alilala wapi?"

Chini, kwenye kanga, kati ya kitanda na ukuta. Siku nyingine akiwa amekaa, kichwa kwenye godoro la mtoto. Nilikuwa nimeandika 5,000 kwa siku, faida ya maandazi, nikadhani nimemwandika mama yake.

Safu hiyo sasa ipo. Inaitwa "usiku wa mama," na aliyeichora mistari yake ni Nyamizi, kwa rula. Mwaka 2023 inasomeka tisa. Mwaka 2024, mwaka ambao jumla yetu ilikuwa 762,300, karibu sawa kabisa na 2020, safu hiyo inasomeka sifuri, na sifuri hii nimeiangalia kwa makini, ni sifuri ya kweli.

Kwenye kundi tumeshaongeza safu zote mbili, dirisha na usiku wa mama. Aliye Tabora, Kigoma au popote kwenye reli hii na ana mtoto wa SS, akinunua kesho aandike tarehe, bei ya kapsuli moja, mji, uzito wa mtoto, na kama dirisha lilikuwa nayo. Mwezi huu bado sijapata bei ya Kaliua.